Broadway siku ya mvua, 1859: uchambuzi wa picha pacha moja

Machi 1839 Samuel Morse, yule yule wa telegrafu, alikuwa Paris, akabahatika kuonyeshwa na mvumbuzi Mfaransa Louis Daguerre mabamba yake ya picha kabla ulimwengu haujayaona. Akawaandikia ndugu zake New York, na barua yake ikachapishwa gazetini mwezi uliofuata. Katika aliyoyasimulia, moja lilimshangaza: barabara ya Boulevard du Temple, ambayo mchana kutwa ilijaa watu na magari ya farasi, kwenye bamba ilikuwa tupu. Alibaki mtu mmoja tu, aliyesimama akipigwa viatu brashi. Wengine wote walikuwepo siku ile. Walipita, bamba halikuwashika.

Aliporudi nyumbani Morse akaanza kufundisha ufundi huo. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana aliyesomea uhandisi wa ujenzi Columbia College, jina lake Edward Anthony. Miaka 20 baada ya barua ile, mwaka 1859, Anthony akaanza kuuza mfululizo wa kadi pacha, yaani picha mbili ndogo za kitu kimoja zilizobandikwa pamoja, alizoziita picha za papo hapo. Humo Broadway ya New York imejaa, na waliojaa wanaonekana: wenye miamvuli, wenye mikokoteni, farasi wa mabasi. Kadi maarufu kuliko zote ni ile ya siku ya mvua. Nakala zake ziko leo katika makumbusho makubwa ya Marekani, likiwemo Metropolitan Museum la New York kwenyewe.

Swali la kisa hiki ni moja. Dawa za picha za mwaka 1859 zilikuwa bado nzito, na wapiga picha wengi walihesabu sekunde kadhaa kila walipofungua lenzi. Tena siku ya mvua haina jua. Anthony aliwezaje?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba alikuwa na dawa kali. Dawa ilisaidia, sibishi. Lakini ukiitazama kadi yenyewe na kupiga hesabu, utaona kwamba kilichombeba zaidi ni kile ambacho wapiga picha wa heshima wa wakati ule walikidharau: udogo wa picha. Kadi pacha ilihesabiwa kitu cha kuchezea sebuleni baada ya chakula cha jioni. Udogo huo ndio uliofungua mlango ambao kamera kubwa za studio hazikuweza kuufungua.

Kilichomo kwenye kadi

Kadi ina upana wa takriban sentimita 17 na urefu wa sentimita 8 hivi. Juu yake zimebandikwa picha mbili zinazofanana sana bila kulingana kabisa: ya kushoto imeonwa na lenzi ya kushoto, ya kulia na lenzi ya kulia, na lenzi hizo zimeachana karibu kama macho ya binadamu. Ukizitazama kupitia stereoskopu, kifaa cha lenzi mbili cha kutazamia kadi hizi, kila jicho hupata picha yake, ubongo huziunganisha, na barabara inafunguka ndani kama chumba.

Aliyepiga yuko juu, kwenye dirisha la ghorofa. Barabara inaanzia chini yake na kwenda mbali, majengo yamejipanga pande zote mbili hadi yanapofifia. Mawe ya barabara yamelowa na yanang'aa. Juu ya mng'ao huo kuna maumbo meusi: magari, farasi, watu waliojificha chini ya miamvuli. Anga ni nyeupe tupu, na hilo lisikushangaze. Dawa za wakati ule zilifanya hivyo kwa karibu kila anga.

Ugumu wenyewe

Njia iliyotumika ni ya kolodioni mbichi, aliyoitangaza Frederick Scott Archer huko Uingereza mwaka 1851. Unachukua bamba la kioo, unalimwagia kolodioni, kimiminika kinachonata, yenye chumvi za iodini, unalitumbukiza gizani ndani ya maji ya nitrati ya fedha, kisha unalipeleka kwenye kamera likiwa bado bichi. Likikauka limekufa. Una dakika chache tu za kupiga na kurudi kusafisha. Kwa hiyo chumba cha giza hakina budi kuwa hatua chache kutoka dirishani, na kila picha ni bamba moja, mbio moja. Kampuni ya Anthony ilikuwa na duka lake Broadway hapo hapo. Mazingira ya barabara hiyo aliyajua vizuri: saa ngapi hujaa, jua huingia upande gani, dirisha lipi linaona mbali.

Sasa hesabu. Nitachukua vipimo vya kawaida vya kamera pacha: lenzi yenye urefu wa fokasi (takriban umbali kutoka lenzi hadi bamba) wa sentimita 12. Mtu wa urefu wa mita 1.7 akiwa umbali wa mita 30, kwenye bamba atakuwa na kimo cha karibu milimita 7. Akikatiza barabara kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.4 kwa sekunde, sura yake husogea karibu milimita 6 kila sekunde. Ukiacha lenzi wazi kwa sekunde nzima, mtu wa milimita 7 amepakwa kwenye eneo la milimita 6, na hapo hakuna mtu tena, kuna ukungu. Hicho ndicho kilichowapata wapita njia wa Daguerre, ambao lenzi iliwasubiri kwa dakika, si sekunde. Ukiifunga lenzi baada ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde, atasogea kama moja ya tano ya milimita. Anasomeka.

Hapa wengi hukosea. Husema kamera ndogo inashinda kwa sababu sura ndogo husogea kidogo. Lakini ukitumia lenzi ya sentimita 40, mtu anakuwa mkubwa zaidi na ukungu wake pia unakuwa mkubwa kwa kiasi kile kile, uwiano haubadiliki. Faida iko kwingine. Lenzi fupi huona wazi vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja hata tundu lake likiwa limefunguliwa sana. Lenzi ndefu haiwezi. Ili mkokoteni ulio karibu na mnara ulio mbali vyote vionekane vizuri kwa lenzi ndefu, inabidi tundu libanwe, na kila kipenyo cha tundu kinapopungua kwa nusu, mwanga unabaki robo. Mwanga ukipungua, sekunde zinaongezeka. Sekunde zikiongezeka, watu wanatoweka. Mpiga picha wa studio mwenye kamera kubwa na lenzi ya bei ghali alifungwa na fahari ya kamera yake.

Ndiyo maana mafanikio haya yalitokea kwa wapiga kadi pacha, na yalitokea karibu wakati mmoja sehemu mbalimbali. Mwaka huo huo wa 1859 George Washington Wilson wa Aberdeen alikuwa ameinasa Princes Street ya Edinburgh ikiwa na watu wake. Kifaa kilikuwa tayari kinangoja mtu wa kukielekeza barabarani.

Maamuzi matatu yaliyomsaidia

La kwanza ni mahali pa kusimama. Kutoka dirishani, akitazama barabara kwa urefu wake, magari mengi yanamjia au yanamwacha, machache yanakatiza. Turudi kwa yule mtu wa mita 30, safari hii anatembea kuifuata barabara, na kamera iko mita 10 juu yake. Sura yake kwenye bamba inasogea chini ya milimita 2 kwa sekunde, yaani kama theluthi ya yule aliyekatiza. Bila kubadilisha dawa wala lenzi, Anthony amepata nafuu ya mara tatu kwa kuchagua dirisha tu. Kipengele hiki hakitajwi sana, nami nakiona ndicho cha akili kuliko vyote. Ukipata nakala nzuri, ichunguze: anayekatiza barabara karibu na kamera ndiye mwenye hatari kubwa ya kuacha mkia.

La pili ni lenzi mbili kufunguka pamoja. Waliotangulia kupiga kadi pacha walitumia kamera ya lenzi moja: walipiga, wakaisogeza kando kidogo, wakapiga tena. Kwa jengo au mlima ni sawa. Kwa barabara yenye watu haiwezekani, kwa sababu gari lililoko picha ya kushoto litakuwa limekwisha ondoka picha ya kulia, na macho yatagombana. Kamera ya lenzi mbili, aina aliyoitengeneza John Benjamin Dancer wa Manchester miaka ya 1850, iliondoa tatizo hilo. Kuna kazi nyingine ilibaki mezani: kwenye bamba la namna hiyo picha mbili hutoka zimepishana, hivyo wakati wa kubandika lazima zikatwe, ya kushoto iende kushoto na ya kulia kulia. Fundi akisahau, kilicho mbele kinaonekana nyuma, na barabara inageuka kuwa jambo la kuogofya: miamvuli imezama chini ya mawe.

La tatu ni mvua. Kwa mtazamo wa haraka mvua ni adui, na bila shaka Anthony alikusudia kujigamba: tazameni, hata jua lisipokuwepo naweza. Lakini ujigambaji huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Kolodioni huona zaidi mwanga wa bluu. Nyekundu na njano karibu haizioni. Mwanga wa anga lenye mawingu una bluu nyingi kuliko jua la jioni linalotuvutia sisi, hivyo hasara yake kwenye bamba ni ndogo kuliko jicho linavyodhani. Kisha kuna barabara yenyewe. Mawe makavu hunywa mwanga, mawe yaliyolowa huurudisha, hasa ukiyatazama kwa mshazari kutoka juu. Broadway yote ikawa kioo kinachorudisha anga, na juu yake kila mtu, kila farasi, kila mwavuli ukawa umbo jeusi lenye ukingo mkali. Kwa picha ya namna hiyo huhitaji kuona vifungo vya koti. Unahitaji umbo tu, na umbo hutoka hata mwanga ukiwa haba.

Kwa hiyo sidhani mvua ilikuwa kikwazo alichokishinda. Ilikuwa taa.

Ushahidi, na mipaka ya ushahidi

Mwandishi aliyezielewa kadi hizi mapema alikuwa daktari wa Boston, Oliver Wendell Holmes. Mwaka 1861 aliandika katika jarida la The Atlantic Monthly kuhusu kadi ya Broadway ya Anthony, akadai kwamba vitu mamia vilivyomo vingeweza kutambuliwa mahakamani na wenyewe. Akavitaja: gari namba 33 la reli ya farasi, la njia ya hoteli ya Astor House; mama muuza matofaa ambaye angejua likipungua tunda moja kwenye fungu lake; kijana aliyetupa mgongo ambaye angeapa kwamba shali ile ni yake. Holmes huyo ndiye pia aliyebuni stereoskopu nyepesi ya kushika mkononi, na akakataa kuisajili kama mali yake, jambo lililofanya kila fundi aweze kuitengeneza na kadi zienee majumbani.

Nakubaliana naye kuhusu tofaa na shali. Kuhusu barabara kwa ujumla, nadhani tuwe waangalifu. Kutazama barabara kwa urefu wake kutoka juu, uamuzi ule ule uliopunguza ukungu, kunasukuma magari ya mbali yaonekane yamebanana. Msongamano unaouona ni halisi kiasi gani, na ni wa lenzi kiasi gani?

Stereoskopu inasaidia kujibu sehemu. Kwenye picha moja bapa, basi la farasi na mkokoteni ulio nyuma yake vimegusana. Ukiziunganisha picha mbili, unaona kuna nafasi kati yao, na unaweza kuikisia. Hili ndilo ambalo kina humpa mchambuzi, mbali na burudani. Lakini kina hicho kinaisha: lenzi zilizoachana kama macho hazitofautishi vizuri vitu vilivyo mbali sana, na sehemu ya juu ya kadi, kule barabara inakofifia, inarudi kuwa bapa.

Basi tuulize nje ya picha. Sensa ya 1860 iliwahesabu watu 813,669 ndani ya mji wa New York, ambao wakati huo ulikuwa kisiwa cha Manhattan, na wengi wao walibanana upande wa kusini. Sehemu ya kusini ya Broadway yenyewe haikuwa na reli ya farasi. Hadi mwaka 1885 abiria walipanda mabasi ya farasi yaliyopishana popote yalipopata upenyo. Mwaka 1867 mji ulilazimika kujenga daraja la chuma kwenye makutano ya Broadway na Fulton, la watu wa miguu tu, kwa sababu kuvuka barabara kulikuwa kuhatarisha maisha. Daraja hilo, lililoitwa Loew Bridge, lilibomolewa mwaka uliofuata baada ya wenye maduka kulalamika kwamba linawaziba. Mji haujengi daraja la namna hiyo kwa msongamano wa kubuni. Lenzi ilitia chumvi, lakini mchuzi ulikuwepo.

Mipaka mingine haihusu lenzi. Picha inaonyesha nani yuko barabarani, haionyeshi nani amezuiwa nini. Mwaka 1854 mwalimu Mweusi, Elizabeth Jennings, alitupwa nje ya gari la reli ya Third Avenue katika mji huu huu kwa sababu ya rangi yake. Akaishtaki kampuni, wakili wake akiwa Chester A. Arthur ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani, na mwaka 1855 akashinda na kupewa fidia ya dola 225. Ukitazama kadi ya miaka michache baadaye ukaona magari yanapita yamejaa, huwezi kujua nani ameachwa kituoni, na kutoka dirisha la ghorofa kila mtu ni mwavuli tu.

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultana, lilitia nanga New York kutoka Zanzibar likiwa na karafuu na pembe za ndovu. Mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, alikaa hapo miezi kadhaa, na mji ukamlipa mchoraji Edward Mooney amchore. Miezi michache kabla ya hapo ufundi wa Daguerre ulikuwa umefika New York. Ahmad alitembea katika mji huo wakati kamera ziko humo tayari, ila zilikuwa bado haziwezi kumshika mtu anayetembea. Ilibidi rangi na brashi. Na mwaka 1860, mwaka mmoja tu baada ya kadi ya mvua, mpelelezi James Augustus Grant alifika Unguja kujiandaa kwa safari ya bara pamoja na mwenzake John Hanning Speke, akiwa na kamera pacha. Teknolojia ile ile ya sebuleni ilikuwa imefika Forodhani.

Miguu

Matokeo makubwa ya kadi hizi hayakuhusu barabara hata kidogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, vijana wengi walirudi wamekatwa miguu, na watengenezaji wa miguu ya bandia wakawa na kazi kubwa. Holmes, kama daktari, akauliza swali la kitoto: mtu hutembeaje hasa? Jicho haliwezi kujibu, maana hatua hupita kabla hujaiona. Wachoraji walikuwa wakikisia, kila mmoja akiiga aliyemtangulia.

Akarudi kwenye kadi za papo hapo. Kila mpita njia wa Broadway alikuwa amegandishwa katika sehemu fulani ya hatua: huyu kisigino ndicho kimegusa chini na vidole viko juu, huyu mguu wa nyuma umebaki kwenye ncha, huyu goti limekunjwa katika mkao ambao hakuna mchoraji angethubutu kuuchora. Kwa sababu watu walikuwa wengi na kila mmoja yuko kwenye nukta yake, aliweza kuwakusanya wageni hawa wasiojuana na kuwapanga wawe hatua moja kamili. Mwaka 1863 alichapisha matokeo hayo, michoro ikiwa imechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye picha, ndani ya makala iliyozungumzia pia mguu wa bandia wa B. Frank Palmer.

Kadi moja haikumtosha. Mguu unaoenda mbele husogea kwa kasi kuliko mwili, kwa hiyo katika kadi nyingi mwili uko wazi na unyayo umeyeyuka, na katika siku ya mvua mng'ao wa mawe huumeza kabisa. Ilibidi apekue kadi za New York na za Paris, akitafuta wale wachache ambao lenzi iliwakuta mguu ukiwa hewani na bado una umbo. Miaka 15 baadaye mpiga picha Eadweard Muybridge angepanga kamera 12 kando ya uwanja huko California na kuupiga mwendo wa farasi mmoja kwa mfuatano. Holmes alikuwa na watu wengi, kila mmoja kwa hatua moja, wote wakiwa wanawahi shughuli zao bila kujua kwamba kuna dirisha linawatazama.